Mwalimu wa malezi akiwa ndiye mwenye fimbo, mtoto atamwambia nani? (Moshi na Arusha tuongee)

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Moshi mjini, niko darasa la tano. Uzi ni mrefu kidogo, mnisamehe.

Mwalimu wa malezi na ushauri kwenye makaratasi yupo. Mgeni kutoka halmashauri akija anaoneshwa jina lake limebandikwa ukutani. Sasa nenda shule iliyo karibu na wewe, uliza mwalimu wa nidhamu ni nani. Mara nyingi utaoneshwa mtu yule yule. Asubuhi mstarini anachapa waliochelewa, halafu saa nne, watoto wakiwa mapumziko, tunategemea mmoja wao aende akamweleze kwamba jana usiku baba alimpiga mama. Haendi. Ningekuwa mimi nisingeenda.

Hoja yangu ni hiyo tu: anayewasikiliza watoto asiwe yule anayewachapa. Semina, mabango na klabu zije baadaye.

Niwape mfano, vitu vidogo nimevibadilisha mtoto asijulikane. Kuna kijana darasani kwangu, mpole, mwandiko wake unapendeza. Akaanza kuumwa tumbo. Kabla ya kipindi cha tatu anakuja ofisini kashika tumbo, tunampa maji, analala kwenye benchi nje, kengele ya mapumziko ikigongwa kapona. Wenzangu wakasema anategea Hisabati. Zahanati wakampima, malaria hana, choo kisafi. Nikampa kazi ya kubeba madaftari kutoka darasani hadi ofisini, natembea naye. Watoto wengi ukiwakalisha kwenye kiti mbele ya mtu mzima wanakauka. Mikono ikiwa na kazi, maneno yanatoka yenyewe.

Yakatoka. Mama yake yuko Oman, kazi za ndani. Yeye anaishi kwa mjomba, analala kwenye kochi la sebuleni, na kochi halipatikani mpaka wakubwa wamalize tamthilia na mpira. Saa sita, saa saba usiku. Mama akipiga simu ya video na mtoto akaanza kulia, simu inakatwa "asimtie mama yake uchungu kazini". Tumbo lilikuwa halina ugonjwa, lakini lilikuwa linauma kweli. Watoto wa umri huu huzuni yao inakaa mwilini: tumbo, kichwa, kukojoa kitandani, kusinzia, kupigana bila sababu.

Nikamuuliza, mbona hukumwambia mwalimu wa malezi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakujipeleka polisi.

Kwa wale wa "sheria inasemaje": Kanuni za viboko za 2002, chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa na mwalimu mkuu kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na kila adhabu inaandikwa kitabuni. Maana yake hata leo si kila mwalimu ana ruhusa ya fimbo. Mwalimu mkuu asimwandikie barua mwalimu wa malezi, basi, limekwisha. Hakuna bajeti, hakuna kusubiri waraka mpya.

Kwetu tumeanza muhula huu. Wako wawili, mwalimu wa kike wa darasa la pili na kijana mmoja wa kiume. Hawachapi, hawaandiki waliochelewa, hawakai getini. Upinzani, msishangae, umetoka ofisini kuliko kwa wazazi. Leteni ya kwenu.

Mangi wa Mbuyuni

Nakazia. Ila mwalimu, watoto themanini darasa moja utawasikiliza saa ngapi?

Chaki Nyeupe

Siwasikilizi themanini. Naangalia aliyebadilika. Aliyekuwa anacheza rede kaacha, aliyekuwa mpole kaanza kung'ata wenzake, aliyekuwa anamaliza makande sasa anampa rafiki. Mwalimu anayeita mahudhurio kila asubuhi huyo mtoto anamwona bila kutaka. Shida inakuja anapotaka kumpeleka mahali.

Zamani Ndio Zamani

Sisi tulichapwa mpaka fimbo zikakatika na tukawa watu. Mnataka kutuletea mambo ya wazungu. Afya ya akili ya mtoto wa miaka tisa! Ana madeni? Ana mke? Mtoto akilia mpe uji, akirudia mpe kiboko, ataacha. Mlezi wangu alikuwa mwalimu mmoja huko Rombo, akikohoa tu shule nzima inanyamaza, na tulifaulu.

Chaki Nyeupe

Mzee wangu, shikamoo. Tuliochapwa tukawa watu tumo humu kwenye uzi. Waliokimbia shule kwa sababu ya fimbo hawamo, kwa hiyo tukihesabiana sisi kwa sisi jibu litakuwa zuri siku zote.

Nikupe takwimu za hapa hapa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulifanyika 2009, matokeo yakatoka 2011. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema kabla ya kufika miaka 18 walishafanyiwa ukatili wa kimwili na ndugu, mpenzi au mwenye mamlaka, walimu wakiwemo. Karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walishafanyiwa ukatili wa kingono. Sasa chukua darasa langu, piga hesabu mwenyewe. Hao wanaenda kumwambia nani? Yule ambaye akikohoa shule inanyamaza?

Na sijasema fimbo ifutwe, usinilishe maneno. Hiyo ina uzi wake.

Zamani Ndio Zamani

Marahaba. Robo tatu na nchi bado ipo. Endeleeni.

Mama Wawili Njiro

Huko mnalia na fimbo. Huku kwa wenye ada fimbo imepungua, ila kuna kingine.

Binti yangu yuko darasa la nne Arusha. Gari linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana linazunguka Moshono na Kijenge kwanza. Kuamka ni saa kumi na dakika kadhaa, giza totoro, na baridi ya Arusha mwezi wa saba mnaijua. Anarudi saa kumi na mbili jioni. Kazi za nyumbani hadi saa nne. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale masaa 9 hadi 12. Wangu anapata sita. Jumamosi kuna masomo ya ziada kwa sababu ya upimaji wa darasa la nne.

Lakini kilichonitoa machozi ni grupu la wazazi la WhatsApp. Kila baada ya jaribio linarushwa jedwali: majina yote, alama, nafasi, na waliofanya vibaya wamepakwa rangi nyekundu. Wangu alikuwa mle kwenye wekundu. Mzazi mmoja akaandika "wa mkiani mjitahidi jamani" na vikatuni vya kucheka. Binti alikuwa ameshika simu yangu anaangalia katuni, akaiona kabla yangu.

Baada ya hapo akaanza kunyofoa kope. Mwanzoni nilidhani ni vumbi, nikamnunulia dawa ya macho. Siku moja nimempakata natazama jicho la kushoto, halina kope hata moja, na anafanya hivyo akiwa anafanya hesabu bila yeye mwenyewe kujua. Hospitali wakatuelekeza kitengo cha afya ya akili, na kusema kweli nilipoona kibao nilitaka kugeuza. Daktari hakumpa dawa. Aliongea naye, akaongea na sisi, akauliza analala saa ngapi.

Baraza la Mitihani lenyewe Januari 2023 liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Sisi tumeyaokota tukayapeleka kwenye grupu. Nilimwomba mkuu wa shule kila mzazi atumiwe matokeo ya mwanawe tu. Jibu: "Wazazi wenyewe ndio wanaotaka."

Mhasibu wa Sakina

Dada pole. Ila niseme ukweli, mimi ni mmoja wa hao wanaotaka. Nalipa ada, nisipoona nafasi nitajuaje mtoto anasoma au anapigwa picha za sherehe tu? Alama 62 peke yake hainiambii kitu. Darasa zima wamepata 90 au 40?

Mama Wawili Njiro

Kaka, uambiwe wastani wa darasa, na mwanao yuko juu au chini yake. Jina la mwanangu unalitakia nini?

Mhasibu wa Sakina

Hapo sina jibu. Wastani unatosha.

Dereva Njano

Mimi ni dereva wa gari la shule Arusha, njia yangu ya Muriet. Walimu mnawaona watoto wakishafika. Sisi tunawaona wakitoka mikononi mwa mama na wakirudi, kwa hiyo tunajua nani analia kila Jumatatu na nani hataki kushuka jioni. Huyo asiyetaka kushuka ndiye wa kumwangalia, wakuu.

Kuna hili la mvua. Tangu Aprili 2024 lile gari la shule liliposombwa na maji hapa Arusha, mvua ikinyesha alfajiri gari langu linakuwa kimya kabisa. Kawaida ni kelele mpaka kichwa kinauma. Kuna mmoja alikuwa hajaanza hata shule wakati ule, kasikia tu kwa wakubwa, tukikaribia korongo anaziba masikio.

Mwanzoni nilikuwa nawaambia "msiogope, mko na mimi". Haisaidii, hata dereva wa siku ile naye alikuwa pamoja nao. Sasa hivi nasimama mbali kabla ya kivuko, nashuka, naenda kuangalia maji huku wananiona dirishani. Nikirudi nawaambia nilichoona: maji yako chini, tunapita. Au: maji yamejaa, tunageuza, tutachelewa. Na nageuza kweli, mwalimu wa zamu aninunie. Tangu waone nageuza, nikisema tunapita wanaamini. Yule wa masikio siku hizi anakaa mbele pembeni ya dada wa gari, ameshika mkoba wake.

Swali langu kwa wataalamu. Mei 2017 ile ajali ya Rhotia, Karatu, walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva mwenzetu. Nilikuwa naendesha daladala wakati huo, mji mzima ulilia uwanjani. Nilijiuliza wale wenzao waliobaki wakirudi darasani wanakuta madawati wazi, wanaambiwa nini?

Nesi wa Zamu

Dereva, ungekuwa karibu ningekununulia soda. Ulichofanya pale kwenye korongo ndicho tunachofundishwa: kumpa mtoto habari ya kweli, na kumwonesha kwamba mtu mzima anachukua hatua.

Kuhusu msiba shuleni. Mtoto aambiwe ukweli kwa maneno mepesi na mtu anayemfahamu. Mseme amekufa. Ukimwambia mdogo kwamba mwenzake "amelala", usiku huo hatalala, na ukisema "amesafiri" atamsubiri. Dawati lisiondolewe kimya kimya asubuhi. Waulizwe wao wangependa lifanyiwe nini. Wanaotaka kuchora wachore, wanaotaka kucheza waachwe wacheze, maana mtoto analia dakika kumi kisha anakimbilia mpira, na haina maana hana uchungu. Ratiba irudi mapema, kengele zile zile. Wengi wanatulia wiki zikipita. Ambaye mwezi unaisha bado anaota ndoto mbaya, hali chakula, anakwepa kila kinachomkumbusha, huyo apelekwe hospitali.

Sasa kwa walimu, kwa sababu hapa watu wanakosea kwa nia njema. Mtoto akikuambia kuna mtu anamfanyia vitu vibaya:

Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia. Usimhoji kama mpelelezi, wala usimrudishe aeleze mbele ya kamati nzima. Akisharudia mara tano mbele ya watu tofauti anaanza kujikanusha. Usimwite nyumbani yule anayetajwa "mje tuyamalize". Andika maneno yake kama alivyoyasema. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kama ni ukatili wa kingono, hospitali kwanza na haraka, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina mwisho wa masaa 72. Simu 116 ni ya watoto, bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga, hata jirani.

Na mtoto anayesema anataka kufa asiambiwe anadeka. Muulize moja kwa moja, usimwache peke yake, mlete siku hiyo hiyo. Kumuuliza hakumpandikizii wazo.

Matroni Usa

Nimefurahi mtu kataja kukojoa. Nimekuwa matroni wa bweni huku upande wa Usa River miaka mingi. Ule waraka wa 2023 uliozuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano mimi niliupigia makofi, ingawa kwa mwajiri wangu wa wakati ule ulikuwa msiba. Mtoto wa darasa la kwanza anakumbatia viatu vya mama yake usiku. Nimeona.

Godoro. Kuna mabweni magodoro yaliyolowa yanaanikwa mbele, kwenye njia ya kwenda bwalo la chakula. Wenzake mia wanapita. Hiyo haikaushi mtoto, inamfanya aache kunywa maji na akeshe akiogopa kulala. Niliomba yafunikwe kwa nailoni juu yake shuka, nikawa nawaamsha wahusika usiku kwa kuwagusa bega bila kuita jina, na shuka za akiba nikaziweka pale wanapozifikia bila kuniomba. Yakianikwa, ni nyuma, kwenye migomba. Wengi waliacha.

Aliyekuwa mkavu miaka miwili halafu akaanza upya, huyo ulizeni kimetokea nini. Nesi atanisahihisha.

Nesi wa Zamu

Hakuna cha kusahihisha, mama. Naongeza tu mpimeni na sukari na mkojo, isije ikawa ni ugonjwa tukabaki kutafuta huzuni.

Chalii wa Unga Ltd

Uzi mtamu. Sisi huku mtaani mwalimu wa malezi alikuwa muuza maandazi getini. Alijua nani hajala, nani kahama, nani baba yake kakamatwa. Akikukopesha andazi la asubuhi, ujue keshasikia ya kwenu.

Mkuu wa Shule Mmoja

Nimesoma yote kimya kimya, niseme kwa upande wa ofisi maana tunasemwa.

Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo 4,000 inaenda kwenye vitabu bila kupita kwangu. Kinachobaki ndicho chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, michezo. Mnasihi aliyesomea sina na sitegemei. Walimu nilionao wana vipindi mpaka jioni. Mleta uzi anasema haihitaji fedha, ila inahitaji muda wa mtu, na muda wa mtu ndicho kitu ninachodaiwa na kila anayekuja kukagua.

La pili, ukimtoa mwalimu kwenye zamu na nidhamu, wenzake wanasema anapendelewa. "Yeye kazi yake kuongea na watoto chini ya mti." Nimeyasikia.

La tatu, sanduku la maoni tulipewa maelekezo, tukaweka. Mwaka mzima zimetoka karatasi chache, nyingine matusi.

Chaki Nyeupe

Mkuu, asante kwa kuja bila kujificha. La sanduku nianze nalo. Liko wapi, na ufunguo anao nani?

Mkuu wa Shule Mmoja

Mlangoni pa ofisi. Ufunguo ninao mimi.

Chaki Nyeupe

Hapo ndipo lilipofia. Mtoto hawezi kusimama mlangoni kwako kila mtu anamwona akitumbukiza karatasi, na kama analalamikia mwalimu anajua atakayeisoma ni bosi wa huyo mwalimu. La kwetu tumelihamishia njia ya maktaba, ufunguo wanao wale wawili wa malezi, linafunguliwa Ijumaa mbele ya mjumbe mmoja wa kamati ya shule. Wa darasa la kwanza na la pili ambao hawajui kuandika vizuri tumewaambia wachore. Juzi tumepata mchoro wa choo chenye mlango uliovunjika na mtoto mkubwa amesimama nje. Tulikwenda kuangalia, kweli mlango hauna komeo na wakubwa wanawatania wadogo. Fundi kaweka komeo. Ndiyo gharama yote iliyotumika mpaka sasa, na kamati ndiyo iliyolipa.

Kuhusu zamu: hatukuwapunguzia vipindi. Tumewabadilishia majukumu, badala ya geti na fimbo wana maktaba na uji. Mtoto akipanga foleni ya uji mwalimu ana sababu ya kusema naye bila kumwita. Wanaosema wanapendelewa tuliwauliza nani anataka kubadilishana, kusimamia uji wa watoto mia sita. Kimya.

Mangi wa Mbuyuni

Na uji wenyewe nao ni dawa. Mtoto aliyetoka Njoro kwa mguu bila chai mnamwita mkorofi saa tano, kumbe njaa. Wazazi tuchange mahindi na maharage tuache hadithi.

Zamani Ndio Zamani

Hapo kwenye uji nimekubali. Swali: huyo mwalimu wenu asiyechapa, mtoto akimtukana je?

Chaki Nyeupe

Anampeleka kwa mwalimu mkuu kama kanuni inavyosema, inaandikwa kitabuni, yeye anarudi kwenye uji. Ilishatokea. Yule mtoto alirudi kwake siku chache baadaye kumwambia kwa nini alitukana.

Mkuu wa Shule Mmoja

Nipe namna mlivyoandika. Barua ya majukumu, si uzi. Nikiipeleka kwa afisa elimu kata nataka iwe na lugha ya ofisi. Na lile la ufunguo nitalijadili na kamati, sikuahidi.

Chaki Nyeupe

Nimekutumia kwenye sanduku lako la ujumbe humu, kurasa mbili. Futa jina la shule yetu kabla hujachapisha. Kwa wazazi wanaouliza pembeni: andikeni kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, nakala kwa mwalimu mkuu, muulize mambo mawili tu. Mwalimu wa malezi ni nani, na je, ana barua ya kuchapa?